Kuingia Bila Hodi

Chumba ninachofanyia kazi kilikuwa ghala la dawa kabla hakijawa changu. Maboksi yalihamishwa, harufu ikabaki ukutani, na hata sasa mvua ikinyesha hapa Kasongo na unyevu ukapanda kutoka sakafuni, nasikia kwinini na spiriti kana kwamba kuna mgonjwa ameketi nyuma yangu. Dirisha ni moja, lenye nondo na wavu. Mlango ni wa chuma. Mimi ndiye niliyeomba mlango wa chuma, na mimi ndiye niliyebandika karatasi inayokataza watu kuingia, kwa kuwa ndani mna seva ya shirika letu, betri za sola na mtambo wa setilaiti, vitu ambavyo mtu mwenye kikombe cha chai mkononi hapaswi kuvikaribia. Watu wameiheshimu karatasi ile kuliko nilivyotarajia.

Shirika letu husimamia vituo vya afya vya kusini mwa mkoa wa Maniema: Nyangwe kando ya mto Lualaba, Lusangi, Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, Kabambare, na vingine vidogo katikati. Kila kituo kina kompyuta yake, na zote zimeunganishwa na chumba hiki. Kazi yangu ni kuzitunza bila kuondoka kitini: kuzipelekea masasisho, kuhakikisha kinga ya virusi haijazeeka, kubadilisha maneno ya siri, kuzuia programu zisizotakiwa, na inapobidi, kuingia ndani ya mashine iliyo mbali na kuiendesha kama vile ningekuwa nimeketi mbele yake. Ofisini wananiita mama wa makufuli. Dereva wetu akiniona asubuhi hupaza sauti uani: “Mama wa makufuli amefika! Kila mutu afunge mudomo yake, sivyo ataiwekea neno la siri!” Wanacheka, nami nacheka nao mpaka nifike mlangoni kwangu.

Kwenye skrini yangu kila mashine ina alama ya duara, ya kijani ikiwa imewashwa, ya kijivu ikiwa imezimwa. Mgeni angeona maduara tu. Mimi naona mawingu yakitanda juu ya Nyangwe, kwa sababu kituo kinategemea sola na duara lake huanza kupepesa kabla halijafifia. Naona karani wa Salamabila akichelewa siku za Jumatatu. Naona duara la Kabambare likizimika Ijumaa adhuhuri na kuwaka tena baada ya swala. Nimewajua watu wa nchi hii kwa kuwaka na kuzimika kwao, na wengi wao sijapata kuona nyuso zao.

Jioni nafunga mlango wa chuma, natembea nyumbani, nasalimiwa na watu wenye haraka zao, kisha napika wali wa mtu mmoja. Ni kazi ngumu kupika wali wa mtu mmoja. Sufuria za mama yangu zilitengenezwa kwa ajili ya watu wengi, na mchele ukiwa kidogo huungua chini kabla haujaiva juu. Sikuolewa. Nilikwenda Bukavu kusoma, na niliporudi wenzangu walikuwa wanapeleka watoto shule, na nyumba ya wazazi ilikuwa inahitaji mtu wa kuikalia. Nimeikalia. Silalamiki, naeleza tu hali ilivyokuwa, ili msomaji aelewe kwa nini dirisha dogo kwenye skrini lilipata kuwa na uzito mkubwa kiasi hicho maishani mwangu.

Dirisha hilo lilianzia Lusangi. Mwanzoni, nilipoanza kuziendesha mashine kutoka mbali, niliingia tu. Siku moja niliingia katika ya Lusangi kuondoa programu iliyokuwa inaifanya iwe nzito, na simu yangu ikalia papo hapo. Alikuwa karani wa huko, mwanaume wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyetoka kukimbia.

“Mama, mushale inatembea yenyewe! Mi sijagusa kitu! Iko inafungua vitu!”

“Ni mimi, baba. Usiogope. Niko ndani.”

“Ndani ya wapi?”

“Ndani ya mashini.”

Nikasikia watu wakinong'ona karibu naye.

“Basi toka kwanza,” alisema hatimaye. “Utoke, njo tuongee.”

Nilitoka. Lakini walikuwa wamekwisha kuchomoa waya, na mashine ile ilikaa imefunikwa kitambaa mpaka mchungaji mmoja alipokuja kuiombea. Niliposimulia ofisini walicheka hadi machozi. Mimi nilitafakari jambo jingine. Yule baba hakuwa mjinga. Kwetu hakuna anayevuka kizingiti cha mtu bila kubisha. Hata anayekuja kukuletea mali yako husimama nje akasema hodi, na akinyamaziwa huondoka. Mimi nilikuwa nimeingia kimya na kuanza kupangua vitu vya ndani.

Programu niliyotumia ilikuwa na uwezo wa kuomba ruhusa kabla ya kuingia. Ilileta dirisha dogo lenye maneno marefu ya Kifaransa ambayo hakuna aliyeyasoma. Niliyafuta. Mahali pake nikaandika neno moja, Hodi, na chini yake vitufe viwili: Karibu, na Ngoja. Nikazipelekea mashine zote mpangilio huo, na tangu siku hiyo nilibisha. Mtu akibonyeza Karibu, niliingia. Akibonyeza Ngoja, nilingoja, na wengi walifurahi sana kuningojesha. Nikishaingia nilifungua ukurasa mtupu na kuandika nimekuja kufanya nini, naye mwenyeji aliweza kunijibu papo hapo, kwa kuwa kibodi zetu mbili zilikuwa zinaandika kwenye karatasi moja.

Wengi walijibu “sawa” au hawakujibu. Wa Kabambare alijibu vingine.

Alikuwa sekretari wa kituo. Nilijua kuwa ni mwanamke, ni Mbangubangu kwa kabila, ni Mwislamu, na kwamba miaka ya nyuma, kabla ya setilaiti, yeye ndiye aliyekuwa mtu wa foni, ile redio ya masafa ambayo vituo viliitumia kuitana alfajiri. Foni ilikuwa na adabu zake: mmoja akizungumza mwingine hukaa kimya, na aliyemaliza humpa mwenzake zamu kwa kusema “kwako”. Hakuiacha adabu ile. Hakuweka nukta wala herufi kubwa, lakini kila alipomaliza kuandika alinipa zamu.

“karibu mama mukubwa ingia lakini upanguse miguu kwako”

“Miguu ni safi, mama. Nimekuja kusasisha kinga. Kwako.”

“sasisha njo nini kwako”

“Ni kuipa mashine dawa mpya, ya zamani imezeeka. Kwako.”

“mi pia ya zamani imezeeka na hakuna mwenye kuniletea mupya kwako”

Nilicheka peke yangu ndani ya ghala la dawa, na sauti ya kicheko changu ilinishtua.

Kazi kama hiyo huchukua muda, hasa kwa setilaiti yetu, na mstari wa kupakua ukienda polepole hakuna la kufanya ila kungoja. Tulingoja tukiandikiana. Aliniambia mto Luama umejaa na samaki wamekuwa ghali. Aliniambia juu ya mkwe wake aliyeacha shamba akaenda Salamabila kuchimba, akarudi na redio na kikohozi. Nilimwambia habari za wali unaoungua. Akaniandikia nipunguze moto na niache uvivu wa kutafuta sufuria ndogo. Mwezi wa Ramadhani alibonyeza Karibu na kuandika: “mi nafunga weye unafunga lakini weye unafunga mashini mi nafunga mudomo Mungu atahesabu ya nani kwako”. Nilijikuta nazitafuta sababu za kwenda Kabambare: sasisho ambalo lingeweza kusubiri, neno la siri ambalo bado lilikuwa imara. Siku ambayo duara lake lilikuwa la kijivu tangu asubuhi, nilifanya kazi zangu zote vizuri na kwenda nyumbani bila kusema neno la maana kwa mtu yeyote.

Tulijaribu simu mara moja. Kabambare mtandao wa simu unapatikana kwa kupanda kilima, naye alipanda. “Alo? Unanisikia?” “Nakusikia. Wewe unanisikia?” “Mi nakusikia.” Tukasalimiana kama watu wawili kwenye mapokezi ya hospitali, kila mmoja akamngoja mwenzake, sauti ikakatika. Keshoye aliandika kwamba kwenye simu nina sauti ya mutu wa kodi. Hatukurudia.

Kisha likaja jambo la Salamabila.

Karani wa Salamabila alichomeka kwenye mashine kifaa cha nyimbo alichotoka nacho kwenye kibanda cha kuchajia simu. Programu iliyokuwa imejificha humo ilileta dirisha la kuomba ruhusa. Akairuhusu. Ndani ya asubuhi moja mafaili ya kituo chake yalibadilika majina na kukataa kufunguka, na kabla sijaukata mtandao, uharibifu ulikuwa umefika Lusangi. Taarifa za chanjo za vijiji vingi zilibidi ziandikwe upya kutoka kwenye karatasi, na zile ambazo karatasi zake zililiwa na mchwa hazikuandikwa kabisa. Nilimpigia karani simu kumwuliza kilichotokea, naye alieleza bila kusitasita.

“Shefu, dirisha ilibisha. Mi ningemufukuza mugeni?”

“Iliandika hodi?”

“Iliandika Kifaransa. Si kila mutu anabishaka na luga yake?”

“Na wewe ukafanya nini?”

“Nikasema karibu. Ulitufundisha weye mwenyewe.”

Nilieleza hayo yote mbele ya msimamizi wa utawala, kwa sababu ilikuwa kazi yangu kueleza. Ni mtu wa haki, mnene kidogo, mwenye desturi ya kuvua miwani anapotaka kusema jambo lisilopendeza. Aliivua.

“Mama, sentineli wa usiku anaombaka ruhusa mbele ya kuzunguka lupango ya nyumba?”

“Hapana, shefu.”

“Anazunguka. Mwenye nyumba analala. Weye ni sentineli. Ya salamu, utasalimia watu Jumapili.”

Alisema kweli, na mimi nilijua hivyo kabla yake. Mashine ambayo mwenyeji wake haulizwi hailindwi na adabu zake, wala haiangamizwi nazo. Nikaketi kuandika kanuni mpya za mtandao wetu, na niliziandika vizuri. Sijapata kuandika kitu kingine kwa umakini kama ule. Mtumiaji hataweza kuweka programu yoyote. Vifaa vya kuchomeka vitakataliwa. Masasisho yatashuka yenyewe bila kumngoja mtu. Msimamizi wa mtandao ataingia katika mashine yoyote wakati wowote bila kuomba, na ili naye asiutumie vibaya uwezo huo, kila kuingia kutarekodiwa skrini nzima, pamoja na sababu, na utawala utazikagua rekodi. Sababu zilikuwa za kuchagua: kurekebisha, kusasisha, kukagua. Nilizipanga mwenyewe. Nilitazama nafasi iliyobaki chini yake, nikajaribu kufikiria sababu ya nne ambayo mtu mwenye akili angeikubali katika ofisi, nikakosa.

Mashine zilipokea kanuni moja baada ya nyingine, na kila ilipopokea, dirisha la Hodi lilifutika humo. Nyangwe. Lusangi. Salamabila, ambako nilifuta kila kitu na kuanza upya. Kabambare ikakataa. Kifurushi cha kanuni kilikuwa kizito kuliko setilaiti yao ilivyoweza kubeba. Kilifika katikati, kikakatika, kikaanza tena. Mtu angedhani ningefurahi, na kwa siku chache nilifurahi. Lakini mashine moja isiyolindwa huwa mlango wa nyuma wa nyumba nzima, na hilo nililijua mimi kuliko mtu yeyote. Nikapakia kila kitu kwenye diski, nikaizungushia plastiki na kitambaa, nikamtafuta mwendesha pikipiki anayeijua barabara ya Kabambare.

Sitaisimulia barabara. Anayeijua anaijua. Nilifika mchana wa siku iliyofuata nikiwa na tope hadi shingoni, diski ikiwa kavu kifuani. Mbele ya kituo alisimama mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye kitambaa cheupe kichwani, nywele za mvi zikichungulia kwenye paji la uso. Aliniangalia juu mpaka chini.

“Weye njo ule wa ndani ya mashini?”

“Ni mimi, mama.”

“Kumbe weye ni mutoto! Na mi nakuita mama mukubwa miaka hii yote. Heshima yangu nirudishie.”

Nilicheka, naye akacheka, tukashikana mikono miwili miwili. Kisha hatukuwa na la kusema. Sikulitegemea hilo. Alinipa maji ya kuoga, akaniandalia ugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Luama, tukala tukiwa tumeketi kwenye mkeka mmoja, nami nikasifia samaki, naye akasema ni wadogo msimu huu. Nikasema barabara ni mbaya. Akasema ni mbaya. Nikamwangalia mikono, kwa sababu uso wake ulikuwa mgeni mno kwangu: uso wenye historia yake yote ambayo hakuwahi kuiandika. Nadhani yeye pia alikuwa akimtafuta katika uso wangu mtu fulani aliyemfahamu. Tuliendelea kuwa na adabu sana. Nilikuwa nimesafiri njia ile yote nikajikuta mpweke zaidi kuliko nilivyokuwa ghalani, safari hii nikiwa na mtu pembeni.

Baada ya chakula alinipeleka kwenye chumba cha mashine. Aliketi kwenye kiti chake, akanivutia kingine. Aliiwasha, na kabla sijafungua mfuko akafungua ukurasa mtupu, akaisogeza kibodi kwake, akaandika kwa vidole viwili:

“mbona umenyamaza hivi uko mugonjwa kwako”

Akaisukuma kibodi kwangu. Tulikuwa tumeketi bega kwa bega. Nilikuwa nasikia pumzi yake.

“Si mgonjwa,” niliandika. “Nina haya. Kwako.”

“mi pia”, aliandika. Halafu: “ulikuwa mufupi kichwani mwangu na munene kwako”

“Na wewe ulikuwa na miwani. Kwako.”

Tuliandikiana hivyo mpaka muuguzi mmoja alipochungulia mlangoni, akatuona wanawake wawili wazima tunapokezana kibodi bila kusema neno, tunacheka, akaenda zake akitikisa kichwa. Katika ukurasa ule tulisema mengi. Nilimwandikia kwamba kazi iliyonileta ni kuiondoa Hodi.

Hapo aliiacha kibodi. Aligeuka, akasema kwa mdomo.

“Utakuwa unaingia bila kubisha.”

“Bila kubisha.”

“Kama mwizi.”

“Kama sentineli.”

“Na mi sitajua kama uko?”

“Hutajua. Na hatutaandikiana tena, mama. Kila kitu kitarekodiwa, wakubwa watakiangalia. Wakiona tunapiga stori saa ya kazi, kazi itakayopotea ni yako, si yangu.”

Alinyoosha kitambaa chake kichwani, akakaa wima.

“Basi itabidi nikae vizuri kila siku,” alisema. “Mutu anaweza kuingia saa yoyote.”

Niliweka kanuni. Kazi ilikwenda vizuri, maana diski haikatiki kama setilaiti. Mwishoni mashine ilijizima na kuwaka upya, kama inavyopaswa, na ukurasa wetu, ambao hakuna aliyefikiria kuuhifadhi, haukuwapo tena. Asubuhi alinifungia kikapu cha karanga, akaniagiza nisipite mtoni kabla ya mvua kukatika. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemuaga mgeni wa serikali.

Mtandao wetu tangu hapo ni salama. Nalisema hili kwa fahari halisi. Maduara yote ni ya kijani, kinga zote ni za leo, na hakuna karani anayeweza kumkaribisha adui hata akitaka. Msimamizi wa utawala alinisifu mbele ya kikao. Nami niliingia Nyangwe, nikaingia Lusangi, nikarekebisha na kutoka, na wenyeji waliendelea kuandika ripoti zao bila kuinua vichwa.

Sikuingia Kabambare kwa muda mrefu, kwa kuwa haikuwa na tatizo. Ilipopata tatizo, sasisho lililokwama, niliingia asubuhi, kimya, kama nilivyopanga. Kwenye skrini yake palikuwa na ukurasa uliokuwa wazi, na herufi zilikuwa zinajiandika polepole, moja moja.

“mudogo wangu kama uko leo mvua imevunja daraja kama hauko basi nimeandika bule si kitu”

Nilitoa mikono kwenye kibodi kana kwamba ni ya moto. Herufi yoyote ambayo ningeigusa ingetokea mbele ya macho yake, na mbele ya macho ya wakaguzi. Alifuta aliyoyaandika, neno kwa neno kutoka mwisho, akafungua ripoti ya mwezi. Kwa jinsi alivyofuta kwa mazoea nilielewa kwamba haikuwa mara ya kwanza. Nikakwamua sasisho, nikatoka. Programu iliniuliza sababu. Nilichagua kusasisha, na lilikuwa jibu la kweli, na nilikaa kitini kwangu nikihisi kwamba nimesimama nyuma ya pazia la mtu.

Nilikwenda kwa msimamizi siku ile ile. Sikumwambia habari za ukurasa. Nilimwambia kwamba kanuni zetu zina kasoro moja: mtu anaangaliwa bila kujua.

“Unataka kurudisha ile mambo ya karibu?” Miwani ilikuwa tayari mkononi.

“Sirudishi. Siombi ruhusa, shefu. Nataka kuwaarifu tu. Nikiwa ndani, mashine imwambie mwenyewe kwamba kuna mtu. Nikitoka, inyamaze.”

“Na akikataa?”

“Hana pa kukatalia. Anajua tu.”

Aliifikiria kwa haki, kama afanyavyo. “Hata mimi,” alisema, “nisingependa mutu anisomee mugongoni na mi sijue. Weka.”

Programu ilikuwa na ukanda mwembamba wa kuweka juu ya skrini, wa rangi ya manjano, wenye maneno ya Kifaransa kuhusu kikao kinachofuatiliwa. Niliyafuta. Nilikaa nayo nafasi ile tupu karibu mchana mzima. Mwishowe niliandika: Niko hapa. Nikautuma kote.

Karani wa Salamabila alikuwa wa kwanza kupiga simu. “Shefu, iko mutu anasema iko hapa. Nani?”

“Ni mimi.”

“Aa. Mi nilifikiri ni Mungu.” Akakata simu, akaendelea na kazi.

Kabambare niliingia mwisho wa juma lile, kwa ukaguzi uliokuwa umepangwa. Ukanda ulitokea. Alikuwa katikati ya jedwali la wajawazito. Mshale wake ulisimama. Kwa kitambo kirefu hakuna kilichosogea, na mimi, ambaye naweza kuona kila kitu ndani ya mashine ile isipokuwa anayeitumia, sikujua kama ametoka, au ameketi anausoma. Kisha alifungua ukurasa mtupu.

“sawa”, aliandika. “nimekuona”

Akaufunga, akarudi kwenye jedwali lake.

Hivyo ndivyo tulivyo sasa. Mara moja moja huandika mstari: daraja limetengenezwa, mjukuu amepona. Hangoji jibu, na sijui kama ananikumbuka kwa uso ule wa mkekani au kwa yule mfupi na mnene aliyekuwa kichwani mwake. Siku nyingi haandiki kitu. Anajaza safu zake, ukanda wa manjano ukiwa juu, nami nakaa humo muda mrefu kidogo kuliko kazi inavyohitaji, nikitazama tarakimu zinavyoingia, na ninapochagua sababu wakati wa kutoka naweka kukagua, maana ile ya nne haipo.